Jibu Limebaki Melini

Abiria wa Barbados walitoka mmoja mmoja, ngozi zimewababuka kwa jua, kofia za ukili vichwani, kaptula miguuni, na huko nje uwanja wa ndege wa Birmingham ulikuwa umelowa theluji ile chafu ya Februari isiyojua kama ni theluji au ni mvua. Asmahan alisimama kwenye kizuizi akinyoosha shingo. Alimwangalia kila mzee aliyesukuma kigari cha mizigo. Mzungu, Mzungu, Mjamaika, Mzungu. Baba yake hayumo, mama yake hayumo.

Akangoja. Wakatoka mpaka wahudumu wa ndege, wanaburura visanduku vyao na kupiga miayo. Mlango ukajifunga, haukufunguka tena. Hapo ndipo simu yake ilipolia.

"Asmahan, mwanangu, usiende uwanjani!" Ilikuwa sauti ya mama yake, Bi Safiya, imejaa upepo.

"Mama, niko uwanjani."

"Lahaula! Baba yako kaniambia amekwisha kukupigia. Sikiliza, tumeunganisha!"

"Mmeunganisha nini?"

"Safari! Wiki nyengine, meli ile ile. Vyumba vilibaki, wakavitoa kwa bei ya kutupa, baba yako huyo, kaenda kutuandikisha bila hata kuniuliza. Jana wenzetu wote wameshuka na masanduku yao. Sisi wa kuunganisha tukapewa vikadi, tukatolewa nje kidogo, tukarudishwa ndani. Meli tupu, Asmahan! Mimi na baba yako na vizee vichache vya Kizungu, tumekaa ukumbini utadhani meli ya babu yetu!"

"Na jibu la posa je, mama?"

Upepo ukavuma kwanza.

"Posa haikimbii," mama yake akasema, na simu ikakatika.

Haikimbii! Nani kakwambieni posa haikimbii? Posa ina miguu kuliko kuku wa kienyeji, na Asmahan alilijua hilo. Alikuwa na miaka thelathini na sita, ameolewa mara moja akaachika, anapima damu za watu kwenye maabara ya hospitali na kurudi kwa wazee wake Bordesley Green. Alikuwa amekwisha kujiambia basi, fungu langu ndilo hili. Ndipo akakutana na Abdulnasir, dereva wa magari ya mizigo kwenye maghala ya Nechells, mtu mpole mwenye cheko la ghafla. Alimpenda. Alimpenda mpaka akawa anacheka peke yake ndani ya lifti ya hospitali, na watu wakimwangalia.

Siku chache kabla wazee hawajasafiri, mama yake Abdulnasir, Bi Mwanamize wa Kingstanding, alikuja kuposa. Alikuja na wazee wawili wa msikitini na sinia la shaba limejaa tende, visheti, udi na marashi. Sasa, kwa asiyejua, sinia la posa kwa Waunguja hawa lina lugha yake. Vilivyomo huliwa, lenyewe linakaa kwa wenye binti mpaka jibu lipatikane. Likirudi limejaa, hiyo ni ndiyo, pigeni vigelegele. Likirudi tupu, limeoshwa na kufutwa, basi hakuna haja ya maneno, kila mtu anashika njia yake na heshima yake mkononi. Maana hawa hawakwambii hapana. Watakwambia insha Allah, watakwambia tutaonana, watakwambia ngoja tutoke safari, halafu safari haishi, na wewe mwenye akili umekwisha elewa.

Na baba yake Asmahan, Mzee Haidari, alisema nini siku ile mbele ya wazee? Alijikohoza, akazungusha kikombe cha kahawa, akasema: "Watoto wa kiume wametulipia safari kidogo ya meli. Nikirudi nitakujibuni."

Basi ndiyo hajarudi.

Jumatatu Asmahan alirudi kazini akachanganya vibandiko vya chupa za damu mpaka bosi wake akamwambia akapumzike. Akapumzike wapi? Nyumbani alifagia palipofagiliwa. Alipanda ngazi kuchukua kitu, akifika juu amesahau ni kitu gani, akashuka, akakumbuka, akapanda tena. Alifungua pazia kutazama barabara, akalifunga, akalifungua. Ngojangoja huumiza matumbo. Sinia la Bi Mwanamize lilikuwa juu ya kabati la sebuleni, linamwangalia.

"Wewe unatembea mpaka nasikia kwangu," alisema jirani yake, Jasvir Kaur, alipoingia kwa mlango wa nyuma na bakuli la dengu. Jasvir alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakijawahi kuondoka huko. "Kwani kuna nini? Si wazee wako wanakula maisha?"

"Anti Jasvir, wewe umeshapanda meli hizo. Mtu anaunganishaje wiki mbili? Anafuata nini? Wiki ya pili si kitu kile kile?"

"Kile kile kabisa!" Jasvir akacheka. "Mimi na marehemu mzee wangu tulifanya hivyo. Jumatatu samaki ule ule. Mchekeshaji yule yule, na vichekesho vile vile. Watu wapya wanacheka, sisi tunajua mwisho. Mimi nilichoka, lakini mzee wangu aliipenda sana hiyo. Aliniambia, Jasvir, hapa hakuna kitu kinaisha."

Asmahan hakulitilia maanani neno hilo. Alikuwa anaangalia sinia.

Jumatano kengele ya mlango ililia, na kumbe ni Bi Mwanamize mwenyewe, peke yake, buibui limelowa mabegani, kapanda mabasi mawili kutoka Kingstanding.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wazee hawajambo huko baharini?"

"Hawajambo, wanakusalimu." Hawakumsalimu, lakini ungesemaje?

"Alhamdulillahi. Tulisikia wanarudi Jumapili."

"Wameunganisha, mama. Wamepata nafasi ya wiki nyingine."

"Ah," alisema Bi Mwanamize. Akaketi ukingoni mwa kochi, na chai aliyopewa hakuigusa. "Wameunganisha. Bahari nzuri. Mtu akiipenda, haachi."

Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Asmahan kuliko matusi. Alijua maana yake. Kwa Bi Mwanamize, mtu mzima aliyeahidi kujibu akirudi, kisha akaenda kulipia ili asirudi, huyo amekwisha jibu, tena kwa gharama kubwa.

"Mimi sikuja kwa mengi," mgeni akaendelea. "Nina shughuli kidogo nyumbani, nataka sinia langu. Msijisumbue kulitia kitu."

Msijisumbue kulitia kitu! Mama yule alikuwa anaiondoa posa yake kwa adabu, kabla hajaaibishwa. Akitoka nalo tupu, basi. Abdulnasir alikuwa amekwisha kumwambia kwenye simu kwamba mama yake anataka kumpeleka Unguja likizo ya Pasaka, na kutoka likizo ya Pasaka ya namna hiyo mtu hurudi na mke. Tena sinia lenyewe halikuwapo juu ya kabati. Kengele ilipolia, Asmahan alichungulia dirishani, akalitwaa, akalisukumiza chini ya kitanda cha mama yake. Mwenyewe hakujua kwa nini. Mikono ilifanya tu.

"Sinia... limeazimwa, mama," alisema.

"Limeazimwa?"

"Jirani. Singasinga. Wana harusi."

Bi Mwanamize alimtazama binti yule mtu mzima, msomi wa maabara, amesimama katikati ya sebule anadanganya kama mtoto aliyemaliza sukari. Pengine alitaka kucheka. Hakucheka.

"Haya," alisema akiinuka. "Mwambie Singasinga harusi njema. Jumapili jioni nitamtuma mtu alifuate."

Alhamisi simu ililia. Safari hii alikuwa baba yake, anapiga kwa kadi kutoka kibanda cha simu kwenye kisiwa cha Grenada, na mama yake kaingia sokoni.

"Asmahan. Hujambo, mwanangu? Kisiwa hiki bwana, kinanuka karafuu. Karafuu na kungumanga, barabara nzima. Nimesimama hapa kama mwendawazimu."

"Baba, Bi Mwanamize alikuja kuchukua sinia."

Akalibana simu sikioni.

"Baba, umenisikia? Anataka kulichukua tupu. Anadhani umekataa. Umekataa?"

"Sikukataa."

"Basi kwa nini hukurudi?" Sauti ilimpanda, naye hakuwa mtu wa kumpandishia baba yake sauti. "Kwa nini umeniweka hivi? Silali, sili, natembea ndani ya nyumba kama mwizi! Mimi si msichana wa miaka ishirini wa kungojeshwa!"

Mzee Haidari akasema taratibu, na Asmahan hakuwahi kumsikia akizungumza vile.

"Siku ile ya kushuka, watu wamepanga masanduku barazani. Nikaona ukumbini wameandika orodha ya chakula ya wiki inayokuja. Naisoma, ile ile. Nyimbo zile zile, kila kitu kinaanza upya. Nikasema, kumbe wiki inarudiwa! Nami nikaitaka. Wiki ambayo sijajibu bado, na wewe bado uko chumbani kwako, nakusikia asubuhi unatafuta funguo. Nikijibu, utaondoka."

"Baba! Ni Kingstanding! Mabasi mawili!"

"Mimi nilitoka Unguja nikaenda Dar. Ilikuwa nini Dar? Saa chache kwa meli. Nikamwambia mama yangu, nakwenda mara moja, nikirudi nitakuletea kitambaa cha buibui. Yuko mlangoni, ananiambia usikawie. Mambo ya nchi yakawa yale, Dar ikawa Mombasa, Mombasa ikawa huku. Niliporudi nilionyeshwa kaburi. Usiniambie mimi mabasi mawili."

Asmahan alikaa kwenye ngazi. Machozi yalimjia, na hasira haikuondoka, vyote viwili vikamkaa kifuani pamoja. Alijua baba yake hakumuona mama yake tena. Habari ya kitambaa cha buibui hakuwa ameisikia.

"Sasa jibu lako ni nini, baba?"

"Nikirudi..." alianza Mzee Haidari, na kadi ikaisha.

Ijumaa nzima alizunguka na neno hilo. Nikirudi. Na asiporudi? Anaweza kuunganisha na ya tatu yule! Jumamosi alfajiri alichoka kuzunguka. Alipiga magoti mvunguni mwa kitanda, mtaka cha mvunguni sharti ainame, akalitoa sinia, akalipangusa vumbi. Likirudi litarudi limejaa, alisema kwa sauti, na kama ni aibu, aibu yangu.

Lijazwe nini? Halua. Katika nyumba ile halua ilikuwa kazi ya baba. Kila harusi ya Waunguja wa Birmingham, Mzee Haidari ndiye aliyesimama na mwiko nyuma ya ukumbi, jasho linamtiririka, haongei na mtu. Halua haipumzishwi, ndiyo sheria yake. Ukiisha kuianza, hata mgeni akija, hata mtoto akilia, mkono hausimami. Asmahan alikuwa ameitazama tangu mdogo na hajawahi kuipika. Alikoroga wanga kwa maji, akayeyusha sukari, akatia samli, iliki na zaafarani, akaanza kusonga. Na wallahi, kwa mara ya kwanza tangu uwanjani, fadhaa yake ilipata kazi. Mguu ulikuwa unataka kutembea, mkono ukatembea badala yake. Alisonga mpaka bega likawaka moto.

Kisha simu ikalia. Akadhani ni baba. Akaacha mwiko, akakimbia. Hakuwa baba, alikuwa mtu wa kuuza madirisha. Aliporudi, halua ilikuwa imeshika chini na kufanya vidonge katikati.

"Shenzi wewe na madirisha yako!" alipiga kelele peke yake jikoni.

Hakukuwa na wakati wa kupika nyingine, wala samli haikubaki. Aliipakua ilivyo, akaisawazisha kwa mgongo wa kijiko, akamwagia lozi kuficha makosa, akafunika kawa. Jasvir alichungulia juu ya ua akasema inanukia vizuri, lakini kwa nini inakaa kama barabara ya Kisumu? Asmahan akatia sinia garini, akaendesha mpaka Kingstanding.

Bi Mwanamize alifungua mlango, akaliona sinia, akaona kawa, akajua lina kitu. Uso wake ulibadilika mara tatu.

"Baba yako amerudi?"

"Hajarudi. Anarudi kesho. Nimeleta mimi."

"Mwari hajibu posa yake mwenyewe, Asmahan."

"Najua, mama. Mimi si mwari, nimeachika, na nina miaka thelathini na sita. Namtaka mwanao. Nimekudanganya sinia limeazimwa, lilikuwa chini ya kitanda. Na baba yangu hakukataa. Baba yangu anaogopa."

Akamwambia yote pale pale mlangoni, mvua inamnyea: wiki inayorudiwa, Dar, mlango, usikawie, kitambaa cha buibui, kaburi. Abdulnasir alitokea nyuma ya mama yake na soksi miguuni, akasimama. Bi Mwanamize alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunua kawa, akamega kidogo, akaonja.

"Umeiacha ikapumzika," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sinia hili silipokei, wala sikurudishii. Jibu ni la baba yako. Kesho nitakwenda nalo uwanjani. Kama ni hapana, aje aniambie usoni."

Kwa hiyo Jumapili asubuhi walikuwa watatu kwenye kizuizi, na Abdulnasir amelibeba sinia la shaba lenye kawa mbele ya tumbo, na watu wanaopita wanadhani ni muuza vitafunio. Abiria wa Barbados wakaanza kutoka. Kofia za ukili, ngozi nyekundu, kaptula. Mzungu, Mzungu, Mjamaika, Mzungu. Asmahan aliona kila kitu kinarudiwa kama ilivyokuwa Jumapili iliyopita, akaanza kunong'ona: si tena, ya Rabi, si tena.

Mlango ukafunguka akatoka Bi Safiya. Peke yake. Anasukuma kigari chenye sanduku moja.

"Baba yuko wapi?"

Bi Safiya alimtazama bintiye, akamtazama Bi Mwanamize, akaliona sinia, akashika shavu.

"Yuko ndani kwenye mkanda wa mizigo. Sanduku lake linazunguka mbele yake, linapita, halishiki. Namwambia Haidari, hilo lako. Ananiambia silo. Watu wote wameshachukua yao, la kwake tu linazunguka."

Bi Mwanamize alianza kufunga vifungo vya koti lake, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Abdulnasir alilisogeza sinia karibu na kifua.

Asmahan alikwenda mpaka pale palipoandikwa usipite. Mlango ulipofunguka kumtoa mtu mwingine, alipiga ukelele kwa Kiswahili, sauti aliyokuwa hajui kama anayo.

"Baba! Lichukue sanduku! Nipo hapa! Sijaenda popote!"

Uwanja mzima uligeuka. Mlinzi akamkaribia. Mlango ukajifunga, wakabaki wanautazama. Ulipofunguka tena alikuwa ni yeye, Mzee Haidari, mweusi kwa jua, kofia ya ukili imekaa upande juu ya kofia yake ya viua ya Kiunguja, analiburura sanduku lake kwa mikono miwili.

Hakumwendea mkewe wala bintiye. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya sinia, akasimama. Bi Mwanamize akafunua kawa. Mzee akaitazama halua ile yenye vidonge, akamega, akatia mdomoni, akatafuna taratibu. Akajua ni mkono wa nani na akajua uliachia mwiko.

"Nilisema nikirudi nitajibu," alianza, na maneno yakamkwama. Akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa kingine. "Nimerudi, mama."

Bi Mwanamize alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Abdulnasir alimtazama mama yake, Asmahan akaziba mdomo, hakuna aliyethubutu kumsahihisha mzee. Bi Mwanamize alilichukua sinia kutoka kwa mwanawe, zito na limejaa, akalipokea kwa mikono yake miwili mbele ya watu wote.

"Haya, baba, karibu," alisema. "Umekawia."